Malalamiko Kuhusu Kijitabu cha Maisha ya Mhariri W. T. Stead

Kwa Meneja wa Uhariri,

Ndugu,

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mjini Tanga. Mwezi uliopita nilinunua kwenu nakala 12 za kijitabu kuhusu William Thomas Stead, mhariri wa magazeti wa Uingereza, kwa ajili ya klabu ya wanahabari chipukizi ninayoilea shuleni. Nasikitika kuwaarifu kwamba kijitabu hicho kimelipotosha jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake.

Ukurasa wa 31 mmeweka picha yake akiwa katika sare ya wafungwa, na chini yake mmeandika tu kwamba alifungwa kwa kumnunua mtoto wa kike. Hamkuongeza neno. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikiweka kijitabu mezani, akaniuliza kwa nini tunasomeshwa habari za mtu wa namna hiyo. Sikuweza kumlaumu, kwani kwa jinsi mlivyoandika, hata mimi ningeuliza hivyo.

Stead alikuwa mhariri wa Pall Mall Gazette la London tangu mwaka 1883. Wakati huo umri wa ridhaa, yaani umri ambao sheria ilimhesabu msichana kuwa anaweza kukubali kufanya ngono, ulikuwa miaka 13 huko Uingereza, na muswada wa kuupandisha ulikuwa umekwama bungeni. Ili athibitishe kwamba watoto wa maskini waliuzwa kwa madanguro, alimtumia mwanamke aliyewahi kuishi maisha hayo, akamchukua Eliza Armstrong, mwenye umri wa miaka 13, kwa bei ya pauni 5, kisha akampeleka Ufaransa chini ya uangalizi wa Jeshi la Wokovu. Kuanzia tarehe 6 Julai 1885 alichapisha aliyoyagundua. Watu walifurika nje ya ofisi ya gazeti wakigombea nakala, na mwezi Agosti Bunge likapitisha sheria iliyoupandisha umri huo hadi miaka 16. Hayo yote hayamo katika kijitabu chenu, wala hamkueleza kwamba kosa lililomtia hatiani lilikuwa kumchukua mtoto bila ridhaa ya baba yake.

Siombi mumtakase. Eliza alipelekwa kwa mkunga akapimwa, akanusishwa dawa ya usingizi, akaamka kwa hofu katika chumba asichokijua, na hilo ni jeraha alilotiwa mtoto na mtu aliyejiita mtetezi wa watoto. Kwa maoni yangu wanafunzi wanaotaka kuwa waandishi wa habari wanapaswa kulijadili hilo kuliko jingine lolote. Lakini watalijadili vipi ikiwa mmewanyima sababu, mmewanyima matokeo, na mmewaachia picha peke yake?

Na picha hiyo ina habari yake. Stead alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu tarehe 10 Novemba 1885, na baada ya kutoka aliihifadhi ile sare, akawa anaivaa kila mwaka tarehe hiyo inapofika. Sare mliyoifanya alama ya aibu, mwenyewe aliivaa kwa fahari.

Nimeshangaa pia kuona kurasa tisa nzima zimetumika kueleza kuzama kwa meli ya Titanic, ambamo alifariki mwezi Aprili 1912, ilhali miaka yake ya Darlington, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mmeipitia kwa sentensi moja. Huko ndiko alikokabidhiwa kuhariri gazeti la The Northern Echo mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 22, na huko ndiko alikoandika mwaka 1876 kulaani mauaji ya raia wa Bulgaria. Mtoto wa mchungaji aliyeanza kazi kama karani wa ofisi ya mfanyabiashara mjini Newcastle angewafaa sana vijana wangu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mchapishe karatasi ya masahihisho ya ukurasa wa 31 na kuituma kwa kila shule iliyonunua kijitabu hiki, kwa sababu nakala zilizokwisha kusambazwa haziwezi kusubiri toleo jipya. Pili, mnirudishie fedha za nakala 12, au mnibadilishie mara toleo lililorekebishwa litakapotoka. Stakabadhi nimeiambatisha pamoja na nakala ya ukurasa huo. Hadi nitakapopata majibu yenu, vijitabu vyote nimevifungia kabatini.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Historia na Mlezi wa Klabu ya Wanahabari,
Tanga