Mjomba hataki niuze sura ya bibi niliyoichora mwenyewe

Mama Mshauri, shikamoo.

Ninayo michoro ya uso wa bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu. Amejitokeza mtu anayetaka kuinunua yote, tena kwa pesa ambayo sijawahi kuishika tangu nianze kazi hii. Mjomba amesema haiuzwi. Mama amesema uza leo leo. Mimi niliyeichora nimekaa katikati, simu ikiita naogopa kuipokea.

Mimi ni mwanamke, mama wa watoto wawili, naishi Mikindani, mkoa wa Mtwara. Ugali wangu unatoka kwenye mabango: duka la dawa, saluni, "ni marufuku kukojoa hapa", na majina ya mashua. Wenye mashua ndio wateja wangu wazuri, kwa sababu maji ya chumvi hula rangi na jina sharti lirudiwe. Michoro naifanya usiku, na mchana wa mvua ambapo huwezi kuandika ukutani. Natumia mkaa na kalamu ya wino. Mkaa natengeneza mwenyewe: najaza vijiti vyembamba kwenye kopo la bati, nafunika, natoboa tundu dogo na kulisogeza motoni mpaka moshi ukome kutoka. Karatasi nzuri naagizia Dar es Salaam. Ikikosekana nachukua manila ya dukani, ila kwa unyevu wa huku pwani manila haichelewi kujikunja na kuota madoa.

Kila ninapotundika kazi hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini sichori Tingatinga, simba na twiga wenye rangi za kumetameta, vitu vinavyonunulika. Namheshimu sana Edward Saidi Tingatinga, alikuwa mtu wa kusini kama sisi, wa Tunduru. Lakini mkono wangu hauendi huko. Unakwenda kwenye nyuso za wazee.

Maonesho ya huku ni kujitolea tu. Nimetundika kwenye tamasha la MaKuYa pale Mtwara mjini, ambako watu wanafuata ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, na sisi wachoraji tunawapata wale wanaotafuta kivuli. Nimetundika kwenye baraza za migahawa na kumbi za kuazima. Ila panaponitoa jasho kuliko pote ni Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Nakaa katikati ya wauza miche na wauza ubuyu. Mwezi wa nane pesa ya korosho bado iko juu ya mti, mkulima ameshamalizia akiba yake kwenye palizi na kupulizia mikorosho salfa, halafu wewe unamwekea mbele ya macho picha ya laki moja. Anasimama, anaitazama kweli kweli, anamwita mkewe. Wanabishana kama huyo si mama fulani wa Kitangari. Mwisho anatoa simu, anaipiga picha, anaaga kwa adabu zote na kwenda zake. Ninachouza pale ni sura za papo kwa papo: mtoto anakaa juu ya ndoo, mzazi analipa elfu tano, mimi nakimbizana na mtoto kabla hajaanza kulia. Nauli inarudi na kitoweo kinapatikana. Na mkono umekuwa mwepesi kwa ajili hiyo, silalamiki.

Sasa nije kwa bibi.

Bibi aliishi Newala hadi mwisho wake. Alikuwa kati ya wale wazee wachache waliobaki na ndonya, kile kipande cha duara kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu, na chale za Kimakonde, zile tunazoziita dinembo, kuanzia kwenye paji la uso hadi mashavuni. Alichanjwa kwa kisu akiwa msichana, na vidonda vikapakwa unga wa mkaa ili alama ibaki nyeusi. Siku ya kwanza nilipofungua kopo langu mbele yake alicheka hadi akashika ubavu. "Kumbe na wewe ni mkaa? Basi mimi nilishachorwa zamani, wewe unarudia tu."

Alipenda kukaa nimchore, lakini kwa masharti yake. Akichoka ananifukuza nikachore mbuzi. Kila mchoro ukiisha lazima auone, na hakuwa mtu wa kukusifia bure: ndonya umeifanya ndogo, hizi si chale zangu, umenichora kama binti wa juzi. Nilikuwa nampelekea sukari na sabuni, mara nyingine kanga. Nilimwambia picha zake nitazitundika watu wazione. Akasema sawa, wazione, hata hao wa Mtwara wajue Newala kulikuwa na wanawake. Habari ya kuuza haikutajwa na yeyote kati yetu, maana wakati ule hapakuwa na mnunuzi wa kumtaja.

Alifariki mwaka jana. Arobaini ilipopita, nikaweka michoro yake pamoja na ya wazee wengine kwenye onesho dogo hapa Mikindani, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe. Siku ya pili akaja meneja wa hoteli moja ya ufukweni. Alizunguka chumba kimya, akarudi kwa bibi, akakaa hapo muda mrefu. Anaitaka michoro yote ya bibi aitundike mapokezi. Baadaye akaniletea karatasi ya ukurasa mmoja, na humo nikakuta hoteli inataka pia "haki zote", yaani sura ya bibi ichapwe kwenye vikombe, fulana na orodha ya vyakula.

Hilo la vikombe nimelishughulikia. Niliulizia nikaelewa kwamba michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwamba aliyenunua karatasi hajanunua ruhusa ya kuirudufu mpaka mimi nikubali. Nimemwambia meneja mstari ule ufutwe. Amesema ukifutwa bei inashuka karibu nusu. Sawa, hapo ni kupatana bei, na mimi nimezoea kupatana na manahodha. Kwa hiyo meneja si tatizo langu.

Tatizo langu ni mjomba. Kwa sisi Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho liko kwa mjomba. Huyu hasa ndiye aliyenilipia ada ya sekondari kwa korosho zake, hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Aliposikia habari ya hoteli alipanda basi kutoka Newala, akafika kwangu, akakataa chakula mpaka tuzungumze. Wewe mwenyewe unajua mzee akikataa chakula maana yake nini.

Alianza mbali. Akanikumbusha kwamba barakoa za mapiko zilikuwa na sura za watu, zina chale na ndonya na hata nywele za kweli, lakini zilichongwa mafichoni na kutoka kwa ngoma, haikuwa kila mtu anazitazama apendavyo, na wanawake ndio kabisa walikuwa hawatakiwi kujua siri yake. Leo ziko Ulaya ndani ya makabati ya kioo. Kisha akaingia Tendaguru, kule kulikochimbwa mifupa ya dinosaria. "Yule mjusi wetu mkubwa Wajerumani walimchimba Lindi kuanzia mwaka 1909, wakamsafirisha vipande vipande. Yuko Berlin amesimama. Wewe umeshamwona? Mimi sijamwona. Mpwa wangu, vitu vya huku vikishaondoka havirudi, na anayetaka kuviona anadaiwa kiingilio."

Nikamjibu kwa upole, nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka. Nilimwambia, mjomba, mbona vinyago vya Kimakonde vinauzwa Mwenge, Dar es Salaam, kila siku, na wanaoviuza ni watoto wetu? Nikamtaja marehemu George Lilanga, mchoraji na mchongaji aliyezaliwa mwaka 1934, ambaye picha zake za mashetani zimetundikwa kwenye kuta za nchi za watu na hakuna aliyesema ameuza ukoo. Mjomba akanitazama. Akasema, "Vile vinyago havina majina. Huyu ni mama yangu."

Hapo nilikosa jibu, Mama Mshauri, na mpaka leo sijalipata.

Mama yangu naye ni mtoto wa marehemu, anasema kaka yake anajifanya mlinzi wa mtu ambaye hakuhitaji kulindwa. Kwa maneno yake, "Mama angekuwa hai, hoteli ingelipa kabla ya adhuhuri na ingeongeza ya tumbaku." Anataka pesa hiyo ijengee kaburi na inayobaki iezeke upya nyumba ya Newala. Mjomba alipopelekewa habari hiyo aliuliza kama tumefikia mahali pa kumjengea mama yake kaburi kwa pesa za vyumba vya hoteli. Tangu siku hiyo wanazungumza kupitia kwangu.

Na binamu zangu, watoto wa mama mkubwa, hawana shida na kuuza. Wanachotaka ni mgao sawasawa, kama tulivyogawana mikorosho ya bibi. Mmoja yuko Dar es Salaam na ana maneno mengi. Alinipa mfano wa huyo huyo Tingatinga: kwamba alipofariki mwaka 1972 walioiendeleza kazi yake ni ndugu na wanafunzi wake, mpaka leo watu wanakula kwa jina lile, kwa hiyo sanaa ni mali ya jamaa. Nilimjibu kwamba wale walishika brashi wakachora. Yeye hajawahi hata kunishikia kopo la mkaa. Akasema nina kiburi cha wasanii. Labda ninacho, lakini kwa huyu sijutii.

Nimejaribu njia za pembeni. Nilifikiria nichore nakala, halisi zibaki kwa mjomba na hoteli ichukue nakala. Meneja hataki, anataka zile alizokaa bibi mwenyewe, na kwa kweli namwelewa, maana nakala niliyojaribu ilitoka imekufa. Ninayo pia michoro ya mikono ya bibi akibangua korosho. Hiyo mjomba aliitazama siku ile ile, akaishika kwa ncha za vidole, hakuikataza. Kwa hiyo mikono inaweza kuuzika na uso hauwezi? Sijathubutu kumuuliza. Nilimpa meneja mikono akasema ni mizuri, ila mgeni anaposhuka kwenye gari anataka kukutana na macho.

Halafu neno limesambaa. Mtu amenipigia kutoka Tandahimba, ananiambia mama yake alionekana Ngongo ametundikwa, nimepata shilingi ngapi? Nilimwambia ukweli kwamba mama yake sijamuuza wala hakuna aliyeuliza bei. Hakuniamini, akakata simu. Mama mwenyewe yuko hai, alikaa nimchore kwa hiari na tulicheka sana siku ile. Sasa naogopa kwenda kumsalimia, na kila ninapofungua karatasi mbele ya mzee mwingine najikuta nawatazama watoto wake kwanza.

Pesa naihitaji, sitajifanya siihitaji. Fremu za mninga na vioo nimevikopa kwa fundi, na mtoto wa kwanza anaingia sekondari ya bweni. Lakini nikimpoteza mjomba sitampata mwingine. Na nikikubali kwamba uso wa mtu ni wa ukoo wake, basi kazi yangu yote iko mikononi mwa wajomba wa watu.

Ninachoomba ni hiki. Sheria imenipa haki ya mchoro, nimeelewa, lakini je, aliyechorwa naye ana haki yake kwenye sura yake, na haki hiyo inarithiwa? Je, ni halali mbele za watu nikigawa pesa kwa ukoo kama zawadi, nisije nikaonekana nimekiri kwamba ni mirathi? Kwa wazee walio hai, je, niwe na karatasi ya makubaliano wanayoweka dole gumba, au kwa vijijini kwetu karatasi ndiyo itakayowatia hofu wafunge milango? Wasomaji wenye kazi kama yangu, wapiga picha hasa, naomba waseme wao wanafanyaje, kwa sababu nadhani wao walianza kugombana na watu kabla yetu.

Na kubwa zaidi, nimjibu nini mjomba kuhusu lile neno lake? Tafadhali usiniambie nikae naye tuelewane, tulikaa kutwa. Meneja anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ikiwa ushauri wako ni kwenda Newala kuita kikao, niambie pia niongozane na nani: na mama, ambaye yeye na kaka yake siku hizi hawamalizi kikombe cha chai pamoja, au na mzee wa nje ya ukoo, ambaye mjomba anaweza kuuliza amefuata nini.

Wako,
Mchoraji, Mikindani