Malalamiko kuhusu vifaranga mlioniuzia kwa jina la silki

Rau, Moshi
11 Agosti 2025

Kwa Meneja,
Kituo cha Kutotolesha Vifaranga,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: VIFARANGA 20 WALIOUZWA KAMA SILKI HALISI WALIOCHANJWA MAHEPE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Aprili nilinunua kwenu vifaranga 20 wa silki, wale kuku wa manyoya laini na ngozi nyeusi, kwa shilingi 15,000 kila mmoja, nikalipa shilingi 300,000 kwa simu kabla boksi halijapakiwa kwenye basi la Moshi. Risiti ninayo. Mfanyakazi wenu ameandika kwa mkono wake: "silki halisi, wamechanjwa Mareks," yaani mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha na kuua kuku. La kwanza si kweli, na la pili mmeshindwa kulithibitisha mpaka leo. Ningeweza kuvumilia hasara peke yake, kwa sababu ufugaji una hasara. Nisichoweza kuvumilia ni majibu niliyopewa kila nilipopiga simu.

Naanza na vidole. Kuku wa kawaida ana vidole vinne kila mguu. Silki ana vitano, na hicho cha tano hukaa juu ya kidole cha nyuma, kimeelekea juu. Kifaranga huanguliwa nacho. Usiku boksi lilipofika niliwatoa mmoja mmoja chini ya taa ya bruda, sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, nikawanywesha maji yenye glukosi, na kila niliyemshika nilimkagua miguu. Saba walikuwa na vidole vinne, na miguu yao ilikuwa ya njano iliyofifia wakati silki ni mweusi wa ngozi tangu siku ya kwanza. Asubuhi nikapiga simu. Dada aliyepokea akaniambia nisiwe na wasiwasi, eti kidole cha tano huchomoza wakishaota manyoya. Ndugu Meneja, hakichomozi. Vidole hukamilika kifaranga angali ndani ya ganda, na hakuna chakula wala muda utakaoongeza kingine. Mtu anayeshinda na vifaranga kutwa nzima anajua hivyo.

Waliobaki 13 walikuwa na vidole vitano na ngozi ya giza, nikawalea nikiamini hao angalau ni wenyewe. Manyoya yalipoota ndipo nikaona. Manyoya ya silki ni laini kama pamba kwa sababu nyuzi zake hazina vile vikulabu vidogo vinavyoshikanisha unyoya wa kuku wengine. Hali hiyo kifaranga hairithi mpaka aipate kwa baba na kwa mama. Jogoo wa silki akipanda tetea wa kienyeji, watoto hutoka na manyoya magumu ya kawaida, ingawa wengi watakuwa na kidole cha tano na kishungi, maana hizo ni sifa zinazoweza kupita kwa mzazi mmoja tu. Ndicho kilichotokea kwa tisa kati ya wale 13. Walikuwa na vishungi vizuri, vidole vitano, na mabawa kamili ya kurukia.

Na waliruka. Banda langu nililijenga kwa maelezo ya tangazo lenu: uzio mfupi unatosha kwa sababu silki haruki, na paa lifunike hadi sehemu ya kutembelea kwa sababu manyoya yake hayazuii maji. Maelezo hayo ni sahihi kabisa kwa silki. Hawa wenu walivuka uzio wakahamia kwenye mchicha wa jirani, na nimemlipa.

Kifaranga wa siku moja akiwa na vidole vitano na ngozi nyeusi, mnunuzi hana njia rahisi ya kujua atakuwa na manyoya gani baadaye. Anayejua ni yule aliyewaona wazazi bandani, yaani ninyi. Hapo mteja hana kinga nyingine isipokuwa ukweli wa muuzaji, na ndiyo sababu silki huuzwa bei mara kadhaa ya kifaranga wa kienyeji.

Sikuwanunua kwa ajili ya kuwatazama tu. Nilitaka kuku mtulivu ambaye watoto wanaweza kumbeba, mayai ya kula nyumbani hata kama ni madogo, na zaidi ya yote matetea wa kuatamia, maana silki huatamia kwa bidii hata mayai ya kanga na bata, na vifaranga wa kuku mwingine huwalea kama wake. Majogoo wa ziada nilishawapatia mnunuzi mjini aliyetaka nyama nyeusi. Wachina huipikia supu na kumpa mwanamke aliyejifungua, wakati sisi huku Kilimanjaro mzazi tunampa mtori. Nilichinja majogoo wawili mnunuzi akiwa amesimama pembeni. Tulipomaliza kunyonyoa, ngozi ilikuwa nyeupe yenye mabaka ya kijivu, na mfupa wa paja ulikuwa mweupe kabisa. Nikamrudishia malipo yake ya awali. Hajarudi tena, na simlaumu.

Sasa nieleze kuhusu mahepe, ambayo ndiyo imeniumiza zaidi.

Kati ya wale silki wanne wa kweli, mmoja alikuwa tetea mweupe ambaye mwanangu wa darasa la tatu alimpa jina la Theluji. Akitoka shule alimchukua kwanza kabla hajavua sare. Mwezi Julai Theluji akaanza kuchechemea, kisha akalala ubavu, mguu mmoja ameutanguliza mbele na mwingine ameunyoosha nyuma. Alikuwa bado anadonoa chakula nilichomsogezea mdomoni. Alipokufa, daktari wa mifugo alimpasua mbele yangu: mshipa wa fahamu wa paja moja umevimba waziwazi kuliko wa pili, na ini lina uvimbe wenye madoa. Wakafuata silki mwingine mmoja na machotara watano, kwa dalili zilezile.

Mahepe haina dawa. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza, chini ya ngozi ya shingo, palepale kwenye kituo cha kutotolesha kabla kifaranga hajakutana na virusi. Chanjo za kideri na Gumboro nimewapa mwenyewe kwa ratiba, na daftari langu linaonyesha. Ya mahepe ilikuwa kazi yenu. Ninafahamu pia kwamba chanjo hii hupunguza uvimbe na vifo lakini haizuii virusi kuingia mwilini, na kuku mmoja mmoja aliyechanjwa anaweza kuugua. Kwa hiyo sikuwahukumu. Niliomba vitu vitatu: jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe mliyochanja. Mara ya kwanza niliambiwa daftari liko kwa bosi. Mara ya pili nikaambiwa ningewachanja mwenyewe ingekuwa uhakika zaidi. Baada ya hapo simu haikupokelewa. Kituo kilichochanja hakikosi kuwa na kumbukumbu hiyo.

Virusi hivi hutoka na vumbi la manyoya na hudumu bandani miezi mingi. Kuku wangu wa kienyeji wako hatarini, na siwezi kuingiza vifaranga wapya mpaka nifagie, nisafishe na nipumzishe banda. Hasara hii haimo kwenye ile laki tatu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Mfanyakazi wenu aliwahi kuniambia kwa kujisifu kwamba wazazi "wametoka nje". Wafugaji wa kanda hii tunakumbuka vifaranga 6,400 walioteketezwa kwa moto Namanga mwaka 2017 baada ya kuingizwa kutoka Kenya kinyume cha sheria. Kama wazazi waliingia kwa kibali, nionyesheni nakala. Kama ni wa hapahapa, semeni hivyo.

Ninachodai ni kurudishiwa fedha za vifaranga 16 ambao si silki, yaani shilingi 240,000, pamoja na shilingi 30,000 za silki wawili waliokufa, isipokuwa mkinipa kumbukumbu ya chanjo inayoonyesha kwamba walichanjwa. Hapo hizo 30,000 nitaziacha. Nataka pia jibu la maandishi kuhusu mnavyotenga majogoo na matetea wa silki na kuku wengine. Na ile picha ya silki mweupe kwenye tangazo lenu iondolewe mpaka mtakapokuwa na wazazi wanaofanana naye. Majirani wawili waliwahi kuniomba mayai ya kuangulisha nikakataa, kwa sababu nikiwauzia machotara kwa jina hilo, nao watawauzia wengine, na silki wa kweli waliopo Moshi na Arusha ni wachache mno kuweza kustahimili hilo. Ninyi mnauza kila wiki. Wajulisheni wateja wa mwezi ule, kwa sababu nina hakika si mimi peke yangu niliyepokea boksi la aina hiyo.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipofika, nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, nikiambatisha risiti, picha za miguu nilizopiga usiku ule wa kwanza, na taarifa ya daktari. Silki wawili waliobaki, jogoo na tetea, wapo hai na mnakaribishwa kuja kuwaona, ila viatu mtaviacha getini kwa sababu ya maambukizi.

Wenu,
Mteja na mfugaji, Rau

Nakala: Afisa Mifugo wa Kata
Viambatisho: risiti, picha, taarifa ya daktari wa mifugo