Ukurasa niliouruka

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Kitabu ulichompa yule kijana wa boti kimefika, kona moja imerowa lakini kinasomeka. Ahsante sana. Ila una kesi na mimi.

Ungenambia mapema kuwa ni kisa cha wale watoto wa mpira wa Thailand, 12 na kocha wao, walionaswa na maji ndani ya pango la Tham Luang Juni 2018, ningejitayarisha. Mie nimeona pango kwenye jalada nikadhani ngano za mashetani. Kiingereza chake chepesi, basi nikawa nasoma huku nafasiri, mwanangu kanilalia pajani. Pale wazamiaji wawili wa Uingereza wanapoibuka gizani siku ya kumi wakauliza "mko wangapi?", na mtoto mmoja akajibu "kumi na tatu", alinishika mkono nisifunue. Alitaka tukae hapo kwanza.

Na wale wakulima! Maji yaliyovutwa kwa pampu yalifunika mpunga wao, na wapo waliokataa fidia. Mama kasikia, na bonde lake lile, akasema yeye angeipokea mchana kweupe.

Kisha nikakutana na Saman Kunan. Jeshi la majini alishaliacha, akarudi kujitolea, kupeleka mitungi ya hewa humo pangoni. Tarehe 6 Julai akafia huko. Nawe unajua baba wa huyu mtoto anazamia pweza. Nikauruka ukurasa mzima, nikaangukia kwa daktari Richard Harris wa Australia anawadunga watoto sindano ya usingizi, maana mtoto akitaharuki chini ya maji anajiua yeye na anayemvuta. Hapo nikanogewa mwenyewe: barakoa ya uso mzima, mikono imefungwa nyuma, kila mmoja na mzamiaji wake. Siku ya kwanza wanne, ya pili wanne, ya tatu watano. Nikafunga kitabu, nikadhani nimesalimika.

Taa nimeshazima, nasikia: "Mama, yule wa mitungi alitoka?"

Kumbe alimwona kwenye picha, akawa anamngoja muda wote huo.

Nikawasha taa. Tukaurudia ukurasa wenyewe, neno kwa neno, baba yake kakaa mlangoni anafuta miwani yake ya kuzamia. Hakusema kitu, ila kioo kilishatakata zamani naye bado anafuta. Alfajiri maji yalipokupwa akatoka kama kawaida. Nikamsikia uani anamwambia mwenzake: leo tusiachane.

Kitabu kwa sasa hakipo, mwalimu wa skuli kakiazima. Ukipata chengine cha kweli kama hiki nitumie, lakini safari hii kisome wewe kwanza.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako