Kabla ya kupima damu, ulizeni dume lililala wapi

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika kwenye safu hii kwamba ni kichekesho kuwaleta watu wa kompyuta kwenye mabanda ya nguruwe waigize ugonjwa unavyosambaa wakati bwana mifugo hana hata mafuta ya pikipiki. La mafuta simbishii. La kompyuta nina neno, nami nimeshafukia nguruwe kumi na mmoja ndani ya siku tisa.

Nafuga hapa Igawilo, mabanda ya mabanzi nyuma ya nyumba. Homa ya nguruwe ilipopita mtaani kwetu ilianza na jike mmoja aliyegoma kula pumba asubuhi. Jioni masikio yamewiva mekundu, wenzake wamelaliana kwenye kona kama vile wanaona baridi, na lilikuwa jua la Oktoba. Siku ya tatu akafa. Sasa nitasema ambalo sijalisema hata kanisani: usiku ule niliuza wawili waliokuwa bado wanakula. Mchinjaji alikuja na bodaboda, akawafunga kwenye tenga, akashika barabara ya Tukuyu. Bwana mifugo nilimpigia siku ya tano. Ugonjwa huu haumdhuru binadamu, lakini nyama ya nguruwe mgonjwa huubeba hadi kwenye banda la mwingine, kupitia makombo na maji ya kuoshea nyama. Hilo nililijua, na bado niliuza.

Likizo iliyopita mjukuu wangu anayesomea mifugo Morogoro alikuja na kompyuta yake, akaniambia, "Bibi, nipe mtaa wako." Nikadhani anatania. Alichotaka ni kujua nani ana nguruwe wangapi, nani analisha makombo ya mgahawani, mchinjaji anaanzia kwa nani na kumalizia kwa nani. Kila banda likawa nukta kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akaambukiza nukta moja na kuiacha kompyuta iigize. Kila siku ya mle ndani ni kama kurusha shilingi: mgonjwa huyu atamwambukiza jirani au hatamwambukiza? Aliyeambukizwa anakaa siku kadhaa, wengine hata wiki mbili, ndipo aonyeshe dalili, wengi wanakufa. Mkasa ukiisha, unaanza upya kwa bahati nyingine. Ulirudiwa mara elfu moja nami sijamaliza kuchambua maharage ya jioni.

Sikuona utabiri wowote pale. Niliona dume langu.

Wasiofuga hawajui: si kila mwenye majike ana dume. Langu lilikuwa linaazimwa, malipo kitoto kimoja jike likizaa. Liliwahi kwenda hadi Itezi, likalala huko siku tatu, likarudi limekonda na kuringa. Mimi nilikuwa namwogopa jirani wa ukuta kwa ukuta, lakini kwenye kioo nukta zilizowaka mapema, yaani zilizoambukizwa kwanza, karibu kila mara, ni zile zilizoazima dume, hata za mbali. Jirani aliwaka baadaye.

Hapo ndipo ninapopishana na msomaji mwenzangu. Kama mafuta ya pikipiki ni lita mbili kwa wiki, basi ndiyo sababu zaidi ya kujua zimwagwe njia ipi. Mjukuu alinifanyia hesabu ya kawaida ya wataalamu. Katika kundi kubwa ambamo nguruwe 10 kwa kila 100 wameambukizwa, ukichagua bila mpangilio na kipimo chako hakikosei, unahitaji kupima 29 ili uwe na hakika ya asilimia 95 ya kumpata angalau mmoja. Wakiwa 2 tu kwa kila 100, yaani ugonjwa ndio kwanza unaingia, idadi inapanda hadi 149. Nani atamkamatia bwana mifugo nguruwe 149? Kumshika mmoja tu kunahitaji vijana watatu na mtaa mzima unasikia. Lakini nguruwe aliyekufa kwa homa hii, damu na bandama lake limejaa virusi. Kwenye maigizo yale, kumpima wa kwanza kufa kulishinda mara nyingi kuzunguka na kupima wazima.

Ila programu ilikuwa na kisanduku kimoja: mfugaji anakaa siku ngapi kabla ya kutoa taarifa. Mjukuu alikuwa ameandika mbili. Nikamwambia aandike tano, na aongeze mchinjaji wa usiku. Aliniangalia, hakuuliza kitu, akaandika. Kioo kikawaka chote.

Kwa hiyo wasiwasi wangu na kompyuta ni tofauti na wa mwenzangu. Inaamini unachoiambia. Mwaka 2001 Uingereza walipopata ugonjwa wa miguu na midomo, hesabu za kompyuta zilitumika kuhalalisha kuchinja hata mifugo ya mashamba jirani yasiyo na dalili. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, na wataalamu wanabishana hadi leo kama wote walistahili. Kwetu homa ilipiga Kyela mwaka 2010, mpakani na Malawi. Chanjo hatuna, tiba haipo, kilichobaki ni kuwahi.

Na kuwahi kunatutegemea sisi tunaoficha. Tunaficha kwa sababu karantini inafunga biashara ya mtaa mzima na hakuna anayekufidia hata bei ya mfuko wa pumba. Kila mwaka mtu anakuja kuhesabu nguruwe wangu. Hajawahi kuja hata mmoja akauliza dume lililala wapi, wala mchinjaji alipita saa ngapi. Naiomba idara ya mifugo ya halmashauri yetu ianze na maswali hayo mawili, na imhakikishie anayejibu kwamba jibu lake halitatumika kumtoza faini.

Mimi nimeshaanza. Tangu Machi naandika kila banda dume langu linapokwenda na siku linaporudi, yamefika 17. Wahusika waje walinakili daftari hapa hapa nyumbani. Wasiondoke nalo, kurasa za nyuma nimeandika wanaonidai na ninaowadai pumba.

Mfugaji,
Igawilo, Mbeya