Seti za LEGO si mahali pa kuweka akiba

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wanaoshawishiwa kuweka akiba zao kwenye seti ghali za LEGO, yaani matofali madogo ya plastiki ya kuchezea. Ni kweli kwamba watafiti wa Moscow, waliochunguza bei za seti zilizotoka kati ya 1987 na 2015, walikuta faida ya wastani ya angalau asilimia 10 kwa mwaka, lakini wastani huo unaficha seti zilizopoteza nusu ya thamani yake. Tazameni seti ya Taj Mahal, yenye vipande zaidi ya 5,900, iliyotoka mwaka 2008 kwa takriban dola 300: ilipoacha kutengenezwa bei yake ilipanda mara kadhaa, hadi kampuni ilipoitoa upya mwaka 2017, karibu ileile, na walioinunua kwa bei ya juu wakapata hasara. Uamuzi huo ulikuwa wa kampuni peke yake. Tena boksi la seti halina gawio, yaani halikuletei malipo ya faida kama hisa. Lazima litunzwe miaka mingi pakavu bila kufunguliwa, na kuliuza kuna ada na gharama za usafirishaji, mambo ambayo wanaozinadi seti hizi kama uwekezaji wana wajibu wa kuwaeleza wanunuzi kabla ya kupokea fedha zao.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam