Risala ya Wanawake Wakulima kwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Mwanamke wa Kijijini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti na Afisa Mtendaji wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, ndugu zetu wafugaji mlioitikia mwaliko, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, nakukaribisha kijijini kwetu. Barabara ya kutoka Babati umeiona mwenyewe, kwa hiyo hatutaisemea. Ahsante sana kwa kuja.

Mheshimiwa, mambo ya mikopo, mbegu za alizeti na bei ya mbaazi tumeyaandika katika barua tutakayokukabidhi. Risala hii ina jambo moja tu, nalo ni ardhi, na hasa namna wananchi wanavyoshirikishwa sera na sheria zake zinapotungwa.

Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Nchi ilikuwa imejaa migogoro, mingi ikiwa imetokana na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa, mashamba yao wakagawiwa wengine, na baadaye wenyewe wakarudi kuyadai. Tume ile haikukaa mjini kusubiri barua. Ilizunguka mikoa ya Bara, ikafanya mikutano ya hadhara 277 iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Mkulima alisimama, akaeleza shamba lake lilivyokwenda, na maneno yake yakaandikwa.

Tume ilikabidhi ripoti mwaka 1992. Ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikaacha ardhi yote kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hatukuja kulifufua bishano hilo leo. Tunachokienzi ni kwamba ripoti ilichapishwa, hivyo mwananchi aliweza kujua alisema nini, Tume ilishauri nini na Serikali ilikataa nini.

Mwaka huohuo wa 1992 ilitungwa sheria ya kufuta haki za kimila za waliohamishwa na kuzuia mahakama kusikiliza madai yao. Mzee Loohay Akonaay na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba, wakati huo Wilaya ya Mbulu, walikuwa wamekwisha kushinda kesi ya shamba lao. Hawakukubali ushindi wao ufutwe. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Majirani zetu hao walilitendea taifa zima jambo kubwa. Lakini inauma kwamba ilibidi mkulima aende hadi mahakama ya juu kutetea jambo ambalo maelfu walikuwa wametoka kulieleza mbele ya Tume.

Wanawake nao hawakunyamaza. Miswada ya ardhi ilipokuwa inaandaliwa, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na vyama vingine vya wanawake viliungana kuidai nafasi yetu. Ndiyo maana leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, na katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wasiopungua watatu wawe wanawake.

Mheshimiwa, kabla ya kuandika risala hii tulipita kaya kwa kaya katika vitongoji vyetu, tukauliza swali dogo: hati ya haki miliki ya kimila imeandikwa jina la nani? Akina mama wengi walijibu, "La baba watoto." Wengine hawakuwa wameiona, imefungiwa sandukuni. Mjane mmoja alitutolea hati ya marehemu mumewe, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akatuuliza kama bado inafaa. Hakuwahi kuambiwa kwamba upimaji ulipofanyika jina lake lingeweza kuandikwa pamoja na la mumewe. Huo nao ni utafiti, Mheshimiwa, na kila kijiji kinaweza kuufanya.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma Sera ya Ardhi ya 1995, toleo la 2023. Tunaipongeza Serikali kwa kuipitia upya. Hata hivyo, tumewahi kuitwa kutoa maoni kuhusu mambo mbalimbali asubuhi ya siku ya kazi, katikati ya mavuno ya mbaazi. Waliofika walikuwa wanaume wachache na watendaji. Karatasi ya mahudhurio ilizunguka, maoni yakachukuliwa, na hadi leo hatujapata mrejesho.

Kwa hiyo tunaomba haya. Sheria zitakapofanyiwa marekebisho zifuate sera hii, wataalamu waje vijijini mchana, baada ya kazi za shamba, na taarifa itolewe mapema ili wafugaji walio malishoni nao wafike. Wanawake watengewe nafasi ya kuzungumza peke yao kabla ya mkutano wa wote, kwa sababu wapo wasioweza kumtaja shemeji mnyang'anyi mbele yake. Muhtasari wa maoni yetu urudi kwenye mbao za matangazo za kijiji, ukionyesha lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Na nakala ya sera iwekwe kwenye masjala yetu ya ardhi. Chumba kipo, kabati la chuma lipo, na funguo zake anazo Mtendaji aliyekaa hapo kulia kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima naomba kuwasilisha.