Mashua ya trela kabla ya kutoka nje ya miamba

Mhariri,

Wenye mashua ndogo za tanga zinazovutwa kwa trela hapa Malindi wasidanganywe na utulivu wa maji yaliyo ndani ya miamba. Kabla ya kutoka bahari kuu, hasa upepo wa Kusi unapovuma kwa nguvu Juni na Julai, pini na nyaya za mlingoti zikaguliwe moja moja, kwa kuwa mlingoti unaosimamishwa na kulazwa kila safari huchosha viungo vyake. Tanga nalo liwe na kamba za kulikunjia, na kazi hiyo ijaribiwe ufuoni kwanza. Kizibo cha tezi, yaani cha tundu la kutolea maji nyuma ya mashua (niliwahi kukisahau, nikazinduka maji yakiwa vifundoni) kifungwe mashua ikiwa bado juu ya trela. Maboya ya kuvaa, upo wa kuchotea maji yanayoingia na nanga yenye amari (kamba yake) ndefu havina mjadala.

Msomaji wenu,
Malindi